Bi Hatua na Ukurasa wa Kumi na Saba

Tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mwalimu wetu wa topolojia atakabidhi funguo za chumba namba tisa na kustaafu rasmi, baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi katika Idara ya Hisabati. Katika muda huo idara imebadilisha wakuu saba, mashine tano za kunakilia na paa moja, na yeye yuko pale pale, chumba cha mwisho kushoto, mlango wazi, vumbi la chaki kwenye mkono wa blauzi. Mhariri wa jarida hili amenipa kurasa mbili nieleze habari zake. Nimeomba tatu, amekataa. Kwa hiyo nitakwenda mbio, na nitakachokiruka mtanisamehe.

Wengi hawamjui kwa jina lake, na hata sisi tumeanza kulisahau. Tunamwita Bi Hatua. Jina hilo alipewa na wanafunzi katika mwaka wake wa pili kazini, kwa sababu ya swali ambalo hajachoka kuliuliza: kwa hatua ipi? Ukimwambia jambo fulani ni kweli, atataka kujua umefika hapo kwa hatua ipi. Hachagui mtu. Karani wetu alipomhakikishia kwamba barua yake ya likizo imeshapita, aliulizwa imepita kwa hatua ipi, na ikagundulika kwamba barua ilikuwa imelala chini ya birika la chai kwa siku kumi na moja. Mkuu wa kitivo naye aliwahi kusema kikaoni kwamba ni wazi sote tumekubaliana. Bi Hatua akanyoosha mkono, na kikao kikaendelea saa mbili zaidi. Kile kikao hatujamsamehe.

Siku yake ya kwanza kufundisha aliingia chumba kisicho chake. Alifundisha dakika arobaini nzima mbele ya wanafunzi wa kilimo waliokuwa wakisubiri somo la udongo, na hakuna aliyethubutu kutoka. Mmoja wao, ambaye siku hizi ni bwana shamba mwenye mvi, aliniambia kwamba walidhani ni mtihani wa kushtukiza. Akaongeza kuwa mpaka leo anakikumbuka alichosikia siku ile: ukifunga uzi kulizunguka chungwa, unaweza kuuteleza pole pole mpaka ukachomoka, lakini ukiupitisha uzi kwenye tundu la bangili na kuufunga, hautoki mpaka ukate kitu.

Kwa kifupi hiyo ndiyo kazi yake yote. Topolojia ya kialjebra ni elimu ya kuhesabu matundu ya maumbo. Chungwa halina tundu, bangili inalo moja, na yapo maumbo yenye vipimo vitano, saba, hata mia, ambayo hakuna jicho litakaloyaona, na bado matundu yake yanahesabika. Mimi nimeifanya kazi hii miaka kumi na minane, kwanza nikiwa mwanafunzi wake kisha mwenzake, na bado mwili hunisisimka. Mtu anakaa kwenye kiti cha mbao chenye mguu mmoja mfupi, anaandika alama kwenye karatasi, na anajua kwa uhakika sura ya kitu kisichoweza kuingia katika ulimwengu huu tunaouona.

Mume wake, shemeji yetu sote, ni fundi cherehani, na hapo ndipo palipozaliwa ugomvi maarufu wa suruali. Kila mwaka Bi Hatua huwauliza wanafunzi wapya suruali ina matundu mangapi. Wao husema matatu. Yeye husema mawili, maana kamba inayozunguka kiuno ni sawa na kamba mbili za miguuni zikiunganishwa, kwa hiyo kiuno hakihesabiwi upya. Wanafunzi huduwaa, kisha hushangilia. Shemeji hajakubali hata siku moja. Anasema amekunja pindo tatu za kila suruali tangu ujana wake, na kwamba profesa akipenda kuvaa suruali isiyo na tundu la kiuno, atamshonea bure.

Alipokuwa na miaka thelathini na mitatu alithibitisha kanuni iliyomjulisha duniani. Yeye aliipa jina refu lisilokalika mdomoni. Sisi tunaiita Kanuni ya Mshono. Inahusu maumbo mawili yaliyoshonwa pamoja kwenye kingo zao. Kanuni inasema kwamba kwa maumbo ya aina fulani, ukijua matundu ya kila kipande na matundu ya mshono wenyewe, utajua matundu ya umbo zima, liwe la vipimo vingapi. Uthibitisho wake una kurasa thelathini na nne. Makala arobaini na moja za watu wengine, wa mabara tofauti, zimejengwa juu yake. Tasnifu yangu ya uzamivu ni mojawapo, na sura yake ya tatu, ninayoringia kuliko zote, inaanza kwa maneno haya: kwa Kanuni ya Mshono.

Sasa nifike kwenye kompyuta, maana bila hiyo nisingekuwa na cha kuwasimulia zaidi ya vichekesho.

Miaka saba iliyopita, wakati wenzake wa rika lake walikuwa wanajadili mahali pa kujenga nyumba za uzeeni, Bi Hatua alimwomba mtaalamu wetu wa mitambo amwekee programu ya kukagua uthibitisho. Programu ya namna hiyo haifikirii badala yako. Unaiandikia hoja yako mstari kwa mstari, nayo inakubali mstari ule tu unaotokana na iliyotangulia. Usipoiridhisha, inapiga mstari mwekundu chini ya ulichoandika na kungoja. Idarani tuliibatiza jina la Mkaguzi. Mtaalamu wa mitambo alisema kwa mara ya kwanza Bi Hatua amekutana na mtu anayemshinda kwa maswali, na akatabiri kwamba mmoja wao atakimbia kabla ya mwezi kuisha.

Hakukimbia mtu. Bi Hatua alikuwa akiandika kwa vidole viwili, na jambo la kwanza alilotaka Mkaguzi akubali ni kwamba mtu anayetoka nyumbani, akaenda, kisha akarudi kwa njia ile ile, anaweza kuhesabiwa kama hakutoka. Mtoto wa miaka mitano atakubali. Mkaguzi alikataa kwa wiki sita. Alitaka kujua mtu huyo anarudi kwa kasi gani, yuko wapi nusu ya safari, na safari yenyewe inafupishwaje kidogo kidogo bila kukatika. Siku alipokubali, Bi Hatua alipiga kelele ukumbini mpaka wahudumu wa usafi wakaja na ndoo, wakidhani bomba limepasuka.

Tulicheka sana. Ila mimi nilipoketi mbele ya kile kioo kwa mara ya kwanza, kicheko kiliniisha. Nilikuwa nimeandika hoja ambayo nimewafundisha watu miaka kumi. Mkaguzi akapiga mstari mwekundu, na alikuwa na haki. Hamjui wewe ni nani, hajali cheo wala mvi, hachoki saa tisa alasiri kama mimi, na kitu akishakikubali kimesimama. Tangu hapo nikimpita naingiwa na heshima kama mtu apitaye mbele ya mwalimu wake wa darasa la kwanza.

Miaka minne iliyopita Bi Hatua aliamua kwamba kabla hajaondoka, Kanuni ya Mshono yote ipite mikononi mwa Mkaguzi. Tulikuwa watu watatu: yeye, mimi, na mtaalamu wa mitambo, aliyekuja kurekebisha waya akanaswa. Tukawa na utaratibu wetu. Mkaguzi ana neno la ruhusa: pale ambapo hujaweza kuthibitisha hatua, unaandika samahani, naye anakuacha uendelee, lakini anakumbuka. Kila Ijumaa wakati wa chai tulihesabu samahani zilizobaki na kuiandika idadi yake kwenye ubao mdogo karibu na mlango. Ijumaa ya kwanza zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Zilishuka hadi mia mbili, zikapanda tena tulipogundua tumejidanganya, zikashuka. Karani alianza kutuletea biskuti kila zilipopungua kumi. Mwaka huu, mwezi wa pili ulipoanza, ubao ulisomeka moja.

Ile moja ilikuwa ya ukurasa wa kumi na saba. Pale Bi Hatua kijana alikuwa na njia mbili za kutoka kwenye vipande hadi kwenye umbo zima, na akaandika kwamba ni dhahiri njia zote mbili zinatoa jibu lile lile. Hakuweka hatua. Ndiyo, yeye mwenyewe. Tulimtania wiki nzima, naye alikubali kutaniwa, akasema alikuwa na mimba ya miezi minane na mgongo ulikuwa unamuuma. Tuliiacha hatua hiyo mwisho kwa sababu tuliiona rahisi.

Jumatano moja, saa nne asubuhi, tulikaa kuimaliza. Karani alikuwa ameshanunua biskuti. Tulimpa Mkaguzi kila kitu, akarahisisha, akarahisisha tena, na mwishoni akatuonyesha kwenye kioo kilichobaki kuthibitishwa: a ni sawa na hasi a.

Kwa wasio wa fani, maana yake ni kwamba Mkaguzi alitaka tumwonyeshe kuwa tano ni sawa na hasi tano. Nilikuwa wa kwanza kusema kwamba programu imeharibika. Mtaalamu wa mitambo alisema haijaharibika. Bi Hatua alichukua chaki, akahesabu ubaoni umbo la vipimo viwili, na njia zote mbili zikatoa jibu moja. Akahesabu la vipimo vitatu. Njia moja ikatoa jibu, ya pili ikatoa jibu lile lile likiwa na alama ya kutoa mbele yake. Alivua miwani, akakaa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hoja yake haifungi, ina kosa.

Wiki tatu zilizofuata tulitafuta jinsi ya kuiokoa. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyepata umbo la vipimo vitano linaloikanusha. Kanuni ya Mshono ni kweli pale vipimo vinapokuwa shufwa: viwili, vinne, sita. Vikiwa witiri, kama vitatu au vitano, si kweli. Kwa miaka ishirini na tisa alama moja ya kutoa, kijistari kifupi kuliko ukucha, ilikaa kwenye ukurasa wa kumi na saba, ikasomwa na mamia ya watu wenye akili timamu, na hakuna aliyeiona. Nikiliwaza jambo hilo, nashindwa kusema kipi kinanistaajabisha zaidi, udogo wake au utulivu wake.

Hapa inanibidi niseme jambo lisilonipamba. Ilikuwa imebaki miezi minne astaafu. Nilikwenda chumba namba tisa, nikafunga mlango ambao haufungwi, nikamwomba aache. Nilimwambia astaafu kwa heshima yake, tusherehekee, kisha mwezi wa saba atoe masahihisho kwa utulivu. Nilijifanya namwonea huruma yeye. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kosa la mwezi wa pili litapungua ukosa kwa hatua ipi likifika mwezi wa saba. Nilijua, naye alijua, kwamba maombi yangu ya uprofesa mshiriki yalikuwa mezani kwa kamati, na yalisimama juu ya sura ya tatu.

Aliandika barua arobaini na moja. Hakuandika moja na kuinakili. Alizisoma upya makala zote arobaini na moja, na kila mwandishi akaelezwa kilichoharibika kwake na kilichobaki kizima, mstari kwa mstari. Ilimchukua wiki saba. Wakati mwingine shemeji alikuja na chakula cha mchana, akakaa kwenye kiti cha wageni akitia vifungo mashati ya wateja, bila kumsemesha. Hesabu ilipokamilika, makala ishirini na tisa zilikuwa salama, kwa kuwa zilitumia vipimo shufwa tu. Tisa zilihitaji kutengenezwa. Tatu zilianguka.

Majibu yalianza kuja. Mzee mmoja wa ng'ambo, ambaye ndiye aliyeikagua makala ile ya mwanzo kabla haijachapishwa, aliandika kwamba ameutazama tena ukurasa wa kumi na saba na hata sasa anaona ni dhahiri, na kwamba jambo hilo limemnyima raha ya kiamsha kinywa. Mwingine, ambaye makala yake ilikuwa kati ya zile tatu, aliandika mstari mmoja tu, wa kushukuru. Hakuna aliyemkejeli, na mimi nilikuwa nimejiandaa kugombana na wa kwanza.

Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, nusu iliyo kweli ya Kanuni ya Mshono ilipita kwa Mkaguzi. Mistari elfu kumi na moja, na hakuna samahani hata moja. Mstari mwekundu haukutokea. Hakikutokea kitu chochote, kioo kilinyamaza tu. Nilifikiria kwamba yaliyoandikwa pale hayatahitaji tena kuaminiwa kwa sababu ya jina la mtu. Hata sote tukiondoka, mgeni yeyote anaweza kuyafungua na kuona kila hatua. Machozi yalinilengalenga na sioni haya kusema.

Na ile nusu iliyoanguka? Bi Hatua hakuiacha imelala. Ameonyesha kwamba ile alama ya kutoa haiji ovyo. Katika vipimo witiri, tofauti kati ya njia mbili inapima msokoto fulani ndani ya mshono, msokoto ambao hakuna aliyejua kwamba upo. Hajaumaliza, ametuachia. Kurasa sita za mwanzo ziko kwenye kabati la chumba namba tisa, na kila hatua ina namba yake. Mtu amekwenda kutafuta kosa lake mwenyewe, akalipata, na chini yake akakuta chumba kizima cha jengo ambacho ramani haikukionyesha. Nilikuwa sijawahi kuona hisabati ikifanya hivyo kwa macho yangu. Sidhani kama nitaona tena.

Idara inamshukuru kwa wanafunzi zaidi ya elfu mbili, kwa tasnifu kumi na nne alizosimamia, kwa maktaba ndogo aliyoianzisha kwa vitabu vyake mwenyewe, na kwa kutuvumilia. Shemeji naye tunamshukuru kwa subira, na tunamtangazia kwamba kuanzia tarehe moja atakuwa na profesa dukani siku nzima. Pole zake.

Sehemu ya mwisho ni yangu na yeye, na mhariri ameniruhusu.

Mwalimu, barua yangu ilikuwa ya arobaini na moja. Uliiandika mwisho na ni ndefu kuliko zote, kurasa nne, kwa mkono. Uliniambia sura ya tatu haisimami. Uliniambia pia kwamba sura ya nne inaweza kusimama peke yake, na ukanionyesha namna. Hukuniambia nifanye nini kuhusu kamati. Niliifungia kwenye droo ya meza yangu. Wiki tano tumekunywa chai meza moja, ukanipa sukari, ukacheka vichekesho vyangu, na hukugusia. Kila asubuhi nilijiambia kwamba mwenyekiti wa kamati si mtu wa topolojia, hatajua kamwe.

Leo saa mbili asubuhi, kabla sijakaa kuandika wasifu huu, nimekwenda ofisini kwa mwenyekiti huyo na barua yangu mwenyewe. Nimeiondoa sura ya tatu na nimeyaondoa maombi. Aliniuliza kama nina hakika, maana hakuna aliyelalamika, na nikamweleza ukurasa wa kumi na saba tangu mwanzo mpaka mwisho, kwenye ubao wake mweupe, mpaka akaiona ile alama. Nimetoka pale na moyo mweupe.

Nenda nyumbani kwa amani, mwalimu wangu. Afya iwe nawe, usingizi uwe mtamu, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi. Sura mpya ya tatu nimeianza leo. Nina mistari minne, na yote minne ni kweli.